Baraka: Tuache kupanua sura za watu wetu ili kujaza televisheni

Majuzi hapa Baraka nilialikwa kwa jirani. Jamaa walikusanyika jioni kutazama video ya harusi ya zamani, kwa sababu mzee wa nyumba, ambaye sasa ni marehemu, alionekana ndani akibariki maarusi. Kijana mmoja wa mtaani alikuwa ameigeuza na kuitia katika flashi ili iingie katika televisheni mpya.

Picha ikaja. Mzee tuliyemjua sote, mrefu na mwembamba, alikuwa mfupi, mnene, mashavu yamepanuka. Watoto wakacheka. Mama mjane akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyu si baba yenu." Akaomba wazime.

Wakaaji wenzangu, kosa hili si la mashini. Ni la yule aliyechagua vipimo vya picha.

Kamera za zamani na televisheni zile zenye mgongo mkubwa zilitumia picha ya 4:3, yaani kila sehemu 4 za upana zina sehemu 3 za kimo. Televisheni bapa za leo ni 16:9, ni pana zaidi. Ukiilazimisha picha ya 4:3 ijaze skrini ya 16:9, kila mtu anaongezeka upana kwa theluthi moja. Ukiamua kuikuza bila kuipanua, unakata robo ya kimo: vichwa juu, miguu chini. Na video ya simu iliyoshikwa wima ni mbaya zaidi. Ukiikuza mpaka ijaze skrini, zaidi ya theluthi mbili za picha zinapotea. Bibi arusi anabaki shingo na mkufu.

Nimezungumza na vijana wanaofanya kazi hii. Jibu lao ni moja: mteja akiona weusi pembeni, anasema kazi imeharibika na hataki kulipa. Ninawaelewa, wanatafuta mkate. Lakini kwa maoni yangu, hapo ndipo sisi wateja tunajidanganya. Ule weusi si ubovu. Ni nafasi ambayo kamera haikupiga kitu. Afadhali weusi pembeni na baba yako katikati akiwa vile alivyokuwa, kuliko skrini iliyojaa mtu usiyemjua.

Jambo hili lina uzito kwetu watu wa Fizi. Tangu vita vya 1996 jamaa zetu wengi walivuka ziwa Tanganyika. Wengine wako mpaka leo katika kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, wengine wamepelekwa Marekani. Mtu aliye mbali hivyo hafiki kilioni wala harusini. Video ndiyo safari yake. Watoto waliozaliwa kambini wanamjua nyanya yao kwa picha hiyo tu. Tukiwatumia sura iliyopanuliwa, ndiyo watakayoikumbuka.

Basi tufanye nini? Kijana wa kazi, kwanza uliza: televisheni ya mteja ni ya zamani au bapa? Pili, katika programu ya kugeuza, chagua kuhifadhi vipimo vya asili, usiandike 1280 kwa 720 kwa kila video inayokuja. Video ya 4:3 iache na weusi kushoto na kulia. Ile ya 16:9 ikienda kwenye televisheni ya zamani, weusi ukae juu na chini. Tatu, tafuta kitu cha mviringo ndani ya picha: sahani, ngoma, gurudumu la pikipiki. Kama limekuwa yai, umekosea, rudia. Na faili ya asili usiifute kamwe, maana kilichokatwa hakirudi.

Mteja naye, kabla ya kulaumu, shika rimoti. Mara nyingine faili ni nzuri, ila televisheni yenyewe imewekwa ipanue kila kitu. Na ninyi mnaopiga video kwa simu harusini, mkijua itatazamwa kwenye televisheni, ilazeni simu.

Flashi ya jirani yangu ilirudishwa. Kwa bahati nzuri kanda ya zamani ilikuwa bado sandukuni. Safari ya pili mzee alionekana mrefu, mwembamba, weusi pande zote mbili. Mama alitazama mpaka mwisho.