Karatasi ya Indonesia: msitu umepona kiasi, wanavijiji bado wanadai ardhi

Rimu ya karatasi iliyo kwenye kibanda cha kutolea kopi, au daftari analoandikia mtoto wako shuleni, huenda ilianza kama mti katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Afrika Mashariki tunatengeneza karatasi kiasi. Kiwanda cha Mgololo, huko Mufindi, kinatoa karatasi ya kaki ya kufungia bidhaa na kutengenezea mifuko. Lakini karatasi nyeupe ya kuandikia kwa sehemu kubwa inaagizwa kutoka nje, na Indonesia ni miongoni mwa nchi zinazotuuzia.

Kwa sababu hiyo tumeitazama kwa makini kampuni moja ya huko, Asia Pulp & Paper, au APP, iliyo chini ya kundi kubwa la biashara la Sinar Mas. Mwanzoni mwa mwaka 2013 kampuni hii ilitangaza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kuanzia tarehe 1 Februari mwaka huo, hakuna msitu wa asili utakaofyekwa tena, si na kampuni yenyewe wala na yeyote anayeiuzia miti. Sasa ni zaidi ya miaka 10. Je, ahadi imetimizwa?

Jibu letu kwa kifupi: misumeno imenyamaza kwa kiasi kikubwa katika maeneo ambayo kampuni inakiri kuwa yanaihusu. Lakini ahadi ile haikuwa ya miti peke yake. Ilikuwa na sehemu inayowahusu watu wanaoishi kando ya mashamba ya kampuni, na hiyo ndiyo imekwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Kwa nini kampuni iliahidi

Tusidhani kwamba wenye kampuni waliamka asubuhi moja wakauonea msitu huruma. APP ilikuwa imeshaahidi zamani kwamba itaacha miti ya msitu wa asili na kutumia ile iliyopandwa tu. Kwanza ikasema mwisho ni 2007. Ikafika 2007, ikasema 2009. Ikafika 2009, tarehe ikasogezwa hadi 2015. Wakati huo makundi ya mazingira ya Sumatra yalikuwa yakikadiria kwamba, tangu miaka ya 1980, zaidi ya hekta milioni 2 za msitu zilikuwa zimekwenda kulisha viwanda vya kundi hili. Huo ni msitu wa chui milia na tembo.

Kilichobadilisha mambo ni wateja. Mwaka 2007 Baraza la Usimamizi wa Misitu, linalojulikana kama FSC, lilivunja uhusiano na APP. Alama ya FSC ndiyo ile ya mti mdogo unayoiona kwenye maboksi na madaftari, na kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani ni kama muhuri. Kisha mwaka 2011 Greenpeace ikafanya kampeni iliyouma: ikaonyesha kwamba maboksi ya mwanasesere Barbie yalikuwa na nyuzi za miti ya misitu ya Indonesia. Mattel, kampuni inayomtengeneza Barbie, ikaacha kununua. Wengine, kama Lego na Hasbro, nao wakajitoa. Boksi la mwanasesere lilifanya kazi ambayo barua za miaka mingi zilishindwa kuifanya.

Basi ikaja ahadi ya 2013. Ndani yake kulikuwa na mambo manne: kuacha kufyeka msitu wa asili, kulinda ardhi ya kinamasi, kutochukua ardhi mpya bila ridhaa ya wenyeji, ridhaa inayotolewa mapema, kwa hiari, na baada ya kuelezwa kila kitu, na kuhakikisha kwamba wote wanaoiuzia kampuni miti wanafuata masharti hayohayo. Wakati huo wauzaji hao walikuwa 38, wakishika vibali vya ardhi vya takriban hekta milioni 2.6. Kwa kulinganisha tu, nchi nzima ya Rwanda ina ukubwa wa karibu hivyo.

Wakaguzi walikuta nini

APP iliomba shirika la Rainforest Alliance likague. Ripoti ilitoka Februari 2015. Ukaguzi uliona kwamba kampuni na wauzaji wake kwa jumla walikuwa wameacha kufyeka msitu wa asili. Hilo si dogo, na tunalitaja bila kubania. Lakini wakaguzi waliona pia kwamba msitu uliobaki uliendelea kuliwa kidogo kidogo na wengine, wakataji haramu na wavamizi, na kampuni haikuwa ikiulinda inavyotakiwa. Na migogoro ya ardhi ilikuwa mamia. Mingi ilikuwa imeandikwa na kuchorwa kwenye ramani, lakini iliyokuwa imemalizwa ilikuwa michache.

Mwezi huohuo, kabla wino wa ripoti haujakauka, kijana mmoja mkulima, mwanachama wa umoja wa wakulima katika mkoa wa Jambi, aliuawa. Waliomuua walikuwa walinzi wa kampuni ya ulinzi iliyokodiwa na mmoja wa wauzaji wa miti wa APP. Kijiji chake kilikuwa na mgogoro wa ardhi na muuzaji huyo. APP ililaani mauaji hayo na kuisimamisha kampuni ya ulinzi, na walinzi walishtakiwa. Hata hivyo, kwa wanavijiji wa Jambi habari ya ukaguzi mzuri na habari ya msiba zilifika pamoja.

Ili kuelewa ugomvi huu unatoka wapi, fikiria kijiji ambacho watu wake wamelima mpunga, wamegema mpira, wamevua samaki na kurina asali kwa vizazi kadhaa. Hawana karatasi ya umiliki. Serikali inaitambua ardhi hiyo kama msitu wa taifa, na kutoka mji mkuu inampa mwekezaji kibali cha kupanda miti kwa miaka mingi. Siku moja matingatinga yanafika. Msikilizaji anayeishi karibu na hifadhi au shamba kubwa la mwekezaji hapa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuna jambo hapa ambalo halitajwi sana. Mei 2013, miezi mitatu tu baada ya ahadi ya APP, Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba misitu ya kimila ya wenyeji si misitu ya serikali. Ulikuwa ushindi mkubwa kwenye karatasi. Ila kuutoa mahakamani na kuufikisha shambani kunahitaji kila jamii itambuliwe rasmi kwanza na mamlaka za eneo lake, na njia hiyo ni ndefu. Vibali vya kampuni vilikuwa tayari mkononi.

Mwaka 2019 mtandao wa mashirika yanayofuatilia biashara ya karatasi duniani ulihesabu vijiji au jamii zisizopungua 107 katika mikoa mitano ya Indonesia zilizokuwa katika mgogoro wa wazi na kampuni zinazohusiana na APP au wauzaji wake. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka sita baada ya ahadi.

Moto wa chini ya ardhi

Sehemu ya pili ya ahadi ni ya kinamasi, na inahitaji maelezo kidogo. Sehemu kubwa ya Sumatra mashariki ina udongo mweusi uliotokana na majani na miti iliyozama majini bila kuoza sawasawa, kwa maelfu ya miaka. Mahali pengine kina chake ni mita kadhaa. Ukiwa na maji hauna shida. Lakini akasia, mti unaopandwa kwa ajili ya karatasi na kuvunwa baada ya kama miaka mitano, hautaki kusimama majini. Hivyo kampuni huchimba mifereji kukausha ardhi. Udongo ukikauka, unakuwa kama kuni. Moto ukiingia unatembea chini kwa chini kwa wiki nyingi, na ndoo za maji hazisaidii kitu.

Mwaka 2015, wakati wa ukame wa El Niño, Indonesia iliungua vibaya. Moshi ulifunika Singapore na Malaysia, shule zikafungwa. Benki ya Dunia ilikadiria hasara kwa Indonesia kuwa dola bilioni 16 hivi. Duka kubwa la ushirika la Singapore, NTUC FairPrice, liliondoa bidhaa za APP kwenye rafu zake. Kampuni ilisema haichomi ardhi, na kwamba moto mwingi ulianzia nje ya mashamba. Huenda ni kweli kwa sehemu. Lakini swali la nani aliwasha kiberiti linaficha swali la nani aliikausha ardhi ikawa tayari kushika moto.

Mwaka huohuo wa moto ule, APP ilitangaza kuacha kabisa kuvuna karibu hekta 7,000 za mashamba yake kwenye kinamasi na kurudisha maji. Ilikuwa hatua njema. Ukiweka hekta hizo pembeni ya zile milioni 2.6, utaona ukubwa wa kazi iliyobaki.

Nani anahesabiwa kuwa muuzaji?

Hapa ndipo mambo yanakuwa magumu, na kwa maoni yetu ndipo mtu anayetaka kujua kama ahadi ni ya kweli anapaswa kutazama kwanza.

Kampuni ikisema "wauzaji wetu hawafyeki msitu", kila kitu kinategemea orodha ya wauzaji. APP kwa muda mrefu ilieleza kwamba kampuni 27 kati ya zile zinazoiuzia miti ni huru, yaani hazina uhusiano wa umiliki nayo. Mwishoni mwa 2017 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walifukua nyaraka za usajili na kukuta kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa na uhusiano na Sinar Mas, mara nyingine kupitia watu waliokuwa wafanyakazi wake. Mei 2018 Greenpeace, ambayo kwa miaka mitano ilikuwa imekaa meza moja na APP kuisaidia, ilikata uhusiano. Ilisema ramani zinaonyesha karibu hekta 8,000, zaidi kidogo ya ekari 19,000, za msitu na kinamasi zilizofyekwa tangu 2013 kwenye maeneo ya kampuni mbili zinazohusishwa na kundi hilo. Utetezi wa APP ulikuwa kwamba kampuni hizo haziiuzii miti.

Angalia vizuri utetezi huo. Unaweza kuwa sahihi kwa neno na bado usilinde mti hata mmoja. Mkono wa kulia umeahidi, wa kushoto haukuwa kwenye mkataba. Ndiyo sababu wanaofuatilia mambo haya siku hizi hawaulizi tu "nani anakuuzia", wanauliza "nani anakumiliki, na nini kingine anamiliki".

Tarehe inayoamua

Kuna jambo lingine linalotugusa hata sisi tusiouza karatasi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayokataza kuingiza kwenye soko lake bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Karatasi imo, na kahawa imo. Kama wewe ni mkulima wa kahawa na mabwana shamba au watu wa chama cha ushirika wamekuja kupima shamba lako kwa simu, sababu yake ndiyo hiyo.

Sheria hiyo inauliza pia kama bidhaa ilizalishwa kwa kufuata sheria za nchi husika, zikiwemo za haki ya kutumia ardhi. Lakini jicho lake kuhusu msitu linaanzia 2020. Msitu wa kijiji cha Sumatra uliofyekwa mwaka 1998 na kugeuzwa shamba la akasia hauonekani humo. Karatasi inayotoka kwenye shamba hilo haina kosa la kufyeka msitu, na mzee aliyekuwa akigema mpira pale hana la kuhesabiwa.

Mlango uliobaki wa kurudi nyuma ni ule wa FSC. Tangu Julai 2023 baraza hilo lina utaratibu unaosema kwamba kampuni iliyogeuza msitu wa asili kuwa shamba kati ya Desemba 1994 na Desemba 2020 inaweza kurudishiwa alama ya mti, lakini kwanza irekebishe madhara: irudishe msitu, na ikubaliane na watu walioumia namna ya kuwafidia. APP inaitaka alama hiyo irudi. Kwa wanavijiji wa Jambi na Riau wanaosubiri, kwa mara ya kwanza kuna kitu ambacho kampuni inakihitaji na ambacho haiwezi kukipata bila kukaa nao chini. Nao wanauliza maswali yaleyale kila mkutano unapoitishwa: ramani ya nani itawekwa mezani, na nani atahesabiwa kuwa ni kampuni.