Boma la Mawe la Thimlich Ohinga

Watoto wengi wa shule za Kisii na Nyamira wameona vitabuni picha za ngome za kale za Ulaya, nao hudhani ya kuwa majengo ya namna hiyo yako ng'ambo tu, au labda Mombasa. Sivyo. Mtu akiondoka Kisii alfajiri, akishika njia ya Rongo hadi Migori, kisha akasafiri kama kilomita 46 kuelekea kaskazini-magharibi, atafika Thimlich Ohinga, na jioni aweza kulala kwake.

Neno Thimlich kwa Kijaluo maana yake ni msitu mnene wa kutisha. Wataalamu wanakadiria kwamba boma lilijengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, wala hamna saruji, chokaa, wala udongo wa kuzishika. Mafundi walipanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, wakajaza madogo katikati, kila jiwe likalishika jirani yake. Milango ni mifupi, hata adui alilazimika kuinama, na aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Ndani kuna alama za nyumba na za mazizi.

Hapo ndipo ilipo tofauti na Ulaya. Kule ngome ilikuwa mara nyingi ya bwana mkubwa na askari wake. Hapa ukuta ulizunguka jamaa nzima, wake, watoto na ng'ombe. Watu wa makabila mbalimbali, Wabantu na Wajaluo, walikaa humo kwa zamu, na kila waliofika walitengeneza palipobomoka. Waliondoka katika karne ya 20. Mwaka 1981 serikali ililifanya boma kuwa kumbukumbu ya taifa, na mwaka 2018 UNESCO ikaliandika katika urithi wa dunia.

Mgeni mwenye nafasi asirudi upesi. Huko Tabaka, katika nchi ya Kisii, atawaona mafundi wakichonga mawe laini. Mto Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, hutoka milima ya Kisii na Nyamira ukaangukia Gogo, ambako maji yake huzalisha umeme. Na katika bonde la Lambwe iko bustani ya Ruma, mahali pekee nchini Kenya walikobaki korongo, jamaa ya palahala.

Abagusii nao walikuwa na ebisarate, makambi yenye ua ambamo vijana walilinda ng'ombe. Serikali ya kikoloni iliyafuta kabla ya Vita Kuu ya 1914, na mashamba yamefunika mahali pake. Hilo ni funzo kwa mkulima. Ukuta usio na saruji hauangushwi na mvua peke yake; huangushwa na mti ulioota kati ya mawe, na mbuzi apandaye juu, na mtu achukuaye jiwe moja la kujengea jiko. Jiwe moja likitoka, jirani yake hulegea. Kwa hiyo anayezuru asipande ukutani wala asiokote kitu, na mkulima akikuta mabaki ya kale shambani mwake ayaache palepale, awaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta wa Thimlich ukianguka, waliojua kuujenga hawapo tena.