Jikedume: Neno Linalomtoa Msichana Uwanjani



Yapo maneno yanayopita midomoni mwetu kwa wepesi wa utani, kumbe ni hukumu. Mojawapo ni "jikedume". Muundo wake ni rahisi: nomino mbili, jike na dume, zimeunganishwa kuwa moja. Wapo watakaosema kwamba neno hili ni sifa ya mwanamke jasiri. Wasikilize linavyotumika. Hurushiwa msichana anayekimbia kwa kasi, anayepiga shuti kali, anayekataa kusukumwa. Mvulana akifanya hayo huitwa hodari. Msichana huulizwa kama kweli ni msichana. Neno likitumiwa hivyo ni dhuluma, na anayelitamka anashiriki kumnyima raia mwenzake haki.

Nchelenge iko kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Kiswahili huvuka ziwa hilo pamoja na watu na biashara, na tangu mwaka 2018 kinasikika pia katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani humo. Katika jamii za ufuoni kama zilivyo nyingine nyingi, jioni ikifika mpira ni wa wavulana. Msichana ana maji ya kuchota, moto wa kuwasha na chisense wa kuanua kabla ya giza. Hakuna sheria inayomzuia kucheza. Anazuiwa na kazi ambazo kaka yake hapewi. Na akizimaliza mapema, anazuiwa na neno.

Sasa mtazameni Barbra Banda, aliyezaliwa Lusaka tarehe 20 Machi 2000. Mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alikuwa Costa Rica na timu ya Zambia katika Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17. Aliwahi kupanda ulingoni kama bondia, akacheza soka la kulipwa Hispania na Uchina, kisha akaiongoza Zambia kama nahodha katika Olimpiki ya Tokyo. Huko alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, na matatu mengine dhidi ya Uchina katika mchezo uliofuata. Mwaka 2023 Zambia ilicheza Kombe la Dunia la Wanawake kwa mara ya kwanza, jambo ambalo timu yetu ya wanaume haijawahi kulifikia kwa upande wake. Ilipoifunga Costa Rica 3–1, penalti ya Banda ilikuwa bao la 1,000 katika historia ya mashindano hayo.

Machi 2024 klabu ya Orlando Pride ya Marekani ilimnunua kwa takriban dola 740,000. Novemba mwaka huo huo alifunga bao pekee katika fainali, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi. Siku chache baadaye BBC ilimtangaza mwanasoka bora wa kike wa mwaka.

Je, sifa hizo zilimkinga? La. Mwaka 2022 aliachwa nje ya Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake nchini Morocco kwa hoja za ustahiki wa kijinsia. Alipopata tuzo ya BBC, mitandao ilijaa watu waliomwita mwanamume. Machi 2025 alitukanwa na shabiki uwanjani, hadi ligi ikatoa tamko la kulaani. Ni lile lile "jikedume" letu, ila limevaa suti na kupanda ndege. Hatuwezi kuwalaani wanaomtukana Marekani huku sisi tukimtukana binti wa jirani.

Wapinzani wana hoja zao. Wa kwanza husema mpira utaharibu masomo. Kama ni hivyo, mbona wavulana hawanyang'anywi mpira wakati wa mitihani? Wa pili husema si kila msichana atakuwa Banda. Ni kweli, lakini hakuna mvulana aliyetakiwa athibitishe kwanza kwamba atakuwa Patson Daka ndipo apewe mpira. Mvulana hucheza kwa sababu ni mtoto. Wa tatu hukimbilia mila. Hao nawakumbusha mila ya ziwa lenyewe: kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Tumekubali kwamba anayetaka mavuno ya kesho huwalinda wachanga leo. Kwa nini hekima hiyo iishie majini?

Tena, hili si suala la hisani. Zambia iliridhia mwaka 1985 Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, na ibara ya 10 inataja waziwazi fursa sawa katika michezo na elimu ya viungo. Kwa hiyo shule yenye uwanja mmoja haina budi kuugawa kwa siku. Mzazi mwenye watoto wawili hana budi kuzigawa ndoo za maji. Hatua hizi hazihitaji mfadhili.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu, kwa kuwa lugha ni mali yenu. Msichana akicheza vizuri, semeni: "Anacheza vizuri." Sentensi hiyo imekamilika kisarufi, na imekamilika kihaki.

Zoezi: Andika insha ya maneno 200 kuhusu neno moja katika lugha ya kwenu linalomzuia mtu kufanya jambo analoliweza. Eleza nani hulitamka, nani huumia, na neno gani lingefaa kushika nafasi yake.