Wajibu Hauishii kwenye Pakiti ya Vidonge

Saa nne asubuhi, madaktari wakishapita, wodi ya wazazi huanza kutoa ruhusa. Kwenye faili la mama aliyejifungua jana, muuguzi ameandika wekundu wa damu: 7.8. Chini yake ameongeza neno moja, FEFO. Mama anakabidhiwa pakiti ya vidonge, anaambiwa ameze kila siku, anamfunika mtoto na kutoka, maana kitanda kina mwingine anayekisubiri. Tarehe ya kumpima tena haikuandikwa popote.

Wapo wanaoiita hali hiyo huduma. Sisi tunaiita uzembe, hata kama umezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuona tena.

Mimba moja humdai mwanamke takribani miligramu 1,000 za chuma. Akipoteza nusu lita ya damu wakati wa kujifungua, ameondokewa na chuma kingine ambacho wengi hawakuwa nacho tangu mwanzo. Kidonge cha FEFO, yaani chuma na foliki, kina miligramu 60 za chuma, na mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya hizo. Mama akiwa na uambukizo au malaria, ini humwaga kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, ambayo huzuia chuma kutoka utumboni kuingia kwenye damu. Hapo anaweza kumeza kwa uaminifu wote na damu isipande. Ongeza kichefuchefu, kufunga choo na kikombe cha chai kinachofuata kila mlo, kisha uniambie ni kwa haki gani mhudumu anamkaripia kliniki kwamba hamezi dawa.

Vidonge tusivibeze. Kwa mjamzito mwenye upungufu mdogo na miezi mingi mbele yake, ndiyo tiba ya kuanzia. Tunachokataa ni kuvifanya kuwa jibu la kila namba na kila wakati, hasa kwa mzazi ambaye damu imeshamwagika na ana mtoto wa kunyonyesha usiku kucha.

Ushahidi umetoka kwenye wodi zetu wenyewe. Kati ya 2015 na 2017, watafiti katika hospitali za Bagamoyo na Mwananyamala waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake waliojifungua wakiwa na upungufu wa damu. Wengine walipewa vidonge, wengine dripu ya chuma aina ya feriki kaboksimaltosi. Baada ya wiki 6, asilimia 80 ya waliopata dripu walikuwa wamerudi kwenye kiwango cha kawaida, dhidi ya asilimia 51 ya waliomeza vidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Wanawake wa Pwani na Dar es Salaam walitoa damu yao ili swali hili lijibiwe, na jibu likishapatikana halipaswi kubaki kwenye makabati ya watafiti.

Wanaopinga dripu hutaja Malawi, na wana haki ya kusikilizwa. Utafiti uliofanywa huko na kutangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba dripu ya namna hiyo hiyo, ikitolewa katikati ya ujauzito, haikuzidi vidonge kwa kiasi cha kutosha katika kuondoa upungufu wa damu kufikia wiki ya 36. Sisi tunasoma hapo onyo juu ya utambuzi. Damu ya mjamzito hupungua pia kwa malaria, minyoo, selimundu na ukosefu wa foliki. Kumtundikia chuma mtu ambaye chuma kinamtosha ni kumkosea. Ndiyo maana hospitali ya wilaya inayotaka kutoa dripu hii inapaswa kwanza kuweza kupima feritini, au angalau kuchunguza sababu hizo nyingine kabla ya kufungua kichupa.

Utoaji wenyewe una masharti ambayo muuguzi makini anayamudu. Asipewe aliye katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, wala mwenye uambukizo mkali unaoendelea. Miligramu 1,000 huchanganywa na maji ya chumvi na kuingia kwa muda usiopungua dakika 15. Sindano ikitoka nje ya mshipa, dawa huacha doa la kahawia ambalo linaweza kudumu kwenye ngozi, hivyo mkono usiachwe bila kuangaliwa. Adrenalini iwe mezani. Mama abaki chini ya uangalizi nusu saa nzima baada ya dripu kuisha, hata kama bajaji inamsubiri getini.

Nchi hii imethibitisha kwamba ikiamua inaweza. Kwa takwimu za kitaifa, vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022. Katika kipindi hicho hicho, upungufu wa damu kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 umeshuka kutoka asilimia 45 hadi 42 tu. Tumejifunza kumwokoa mama anayevuja damu, lakini hatujajifunza kumfikisha chumba cha kujifungulia akiwa na damu ya kutosha, wala kumrudishia alichopoteza. Mwenye damu kidogo huzidiwa na kiasi ambacho mwenzake angekistahimili. Kusubiri hadi aishiwe ndipo tukimbilie chupa ya damu, ambayo mara nyingi ndugu hutakiwa kuitafuta usiku, ni kupanga dharura kwa makusudi.

Dripu ya chuma ni ghali kuliko vidonge. Kwa sababu hiyo hasa, haiwezi kuachiwa mfuko wa mume wala duka la dawa lililo mkabala na hospitali. Bohari ya Dawa iiagize kwa wingi unaoshusha bei. Ikikosekana bohari, mganga mfawidhi ainunue kwa mshitiri, yaani msambazaji aliyeteuliwa, kama anavyonunua dawa nyingine. Wizara ya Afya itoe mwongozo unaotaja kiwango cha damu ambacho mzazi akiwa nacho haruhusiwi kutoka wodini kabla ya kuamuliwa tiba yake. Na halmashauri zinapoandaa mpango kabambe wa afya wa mwaka ujao, dawa hii iwe na kifungu chake chenye fedha, na fomu ya ruhusa iwe na nafasi mbili mpya: tarehe ya kupima tena ndani ya siku 42, na jina la mhudumu atakayempigia simu mama asiporudi.