Loire kwa Baiskeli: Dhidi ya Usomaji Nusu

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu mwenye pupa, lakini ina faida nyingine isiyotajwa sana: mwenda pole huona. Ukweli huu unadhihirika katika bonde la mto Loire, nchini Ufaransa, ambako watu wengi husafiri kwa baiskeli kila mwaka wakizuru vijiji, mashamba ya mizabibu na majengo ya kale. Njia yao, iitwayo La Loire à Vélo, yaani Loire kwa baiskeli, ina urefu wa kilomita 900 hivi. Huanzia Cuffy, karibu na mji wa Nevers, ikaufuata mto kuelekea magharibi hadi Saint-Brevin-les-Pins, mahali Loire inapomwaga maji yake katika bahari ya Atlantiki.

Makala haya yanashikilia kwamba njia ya namna hii ni matini. Ina mwanzo, ina mwendo na ina mwisho. Ina wahusika wakuu na ina wale waliosukumwa pembezoni. Kama ilivyo kwa matini yoyote, yaweza kusomwa vizuri au vibaya. Usomaji mbaya uliotapakaa zaidi ni ule wa kuokota kasri za wafalme na kuyaacha mengine yote, hususan mji wa Nantes ulio karibu na mwisho wa njia.

Si ajabu kwamba kasri huvutia. Chambord, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1519 kwa amri ya Mfalme François I, ina ngazi mbili zinazozungukana kwa namna ambayo anayepanda na anayeshuka waweza kuonana bila ya kukutana. Mwaka uo huo, tarehe 2 Mei, Leonardo da Vinci alifia Amboise alikokuwa mgeni wa mfalme huyo. Mwaka 2000 UNESCO iliiorodhesha sehemu ya bonde hili, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, kuwa Urithi wa Dunia. Hata hivyo, ni muhimu kuzingatia kilichoorodheshwa. Si kasri pekee, bali ni mandhari nzima ya kitamaduni: miji, vijiji, mashamba na mto wenyewe, jinsi vilivyofinyangwa na mikono ya watu kwa karne nyingi.

Mtalii wa basi hawezi kuiona mandhari hiyo. Hushushwa langoni, huingia, hupiga picha, hupakiwa tena, na kati ya lango moja na jingine husinzia. Kwake urithi ni mfululizo wa malango. Mwendesha baiskeli, kwa upande mwingine, hupita juu ya matuta yaliyojengwa tangu enzi za kati ili kuzuia mafuriko. Huiona mito midogo ikiingia katika mto mkubwa, hununua mkate kijijini, na upepo wa magharibi unapompiga usoni hutambua kwa nini mashua za kale ziliweza kupanda mto kwa tanga. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa wasomaji wa Kiswahili. Masimulizi yaliyomo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, yana thamani hadi leo kwa sababu wasafiri wake walisimulia yaliyokuwa njiani, si kituo cha mwisho tu.

Chukua mfano wa jiwe. Kasri nyingi za Loire zilijengwa kwa jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau. Jiwe hilo lilichimbwa katika majabali ya kando ya mto, na kila ukuta uliosimama uliacha shimo mahali fulani. Mashimo hayo hayakubaki matupu. Watu wa kawaida waliyageuza kuwa makao, maghala ya mvinyo na, baadaye, sehemu za kukuzia uyoga. Katika kijiji cha Souzay-Champigny, karibu na Saumur, njia ya baiskeli hupenya ndani ya mwamba wenyewe na kupita mbele ya milango na madirisha ya makao hayo. Kasri na pango ni sentensi moja, na aliyeona kasri pekee amesoma kiima akaacha kiarifu.

Mfano wa pili unawahusu wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Mshairi Joachim du Bellay alizaliwa Liré, kijiji kidogo kwenye ukingo wa kusini wa Loire. Mwaka 1549 alichapisha kitabu cha kuitetea lugha ya Kifaransa, akidai kwamba nayo inaweza kubeba ushairi na elimu kama zilivyofanya Kilatini na Kigiriki. Rafiki yake Pierre de Ronsard alifariki mwaka 1585 katika nyumba ya watawa ya Saint-Cosme, nje kidogo ya mji wa Tours, nayo pia imo njiani. Leo Kifaransa huhesabiwa miongoni mwa lugha kubwa za dunia, na ni rahisi kusahau kwamba wakati mmoja kilihitaji mtetezi. Mwanafunzi wa Kiswahili, anayeambiwa mara kwa mara kuwa lugha yake haiwezi kubeba sayansi, ana sababu ya kutua Liré kuliko hata Chambord.

Mfano wa tatu ni mchungu. Katika kijiji cha Saint-Benoît-sur-Loire kuna abasia maarufu, na kando yake aliishi mshairi Max Jacob, mzaliwa wa familia ya Kiyahudi aliyeingia Ukatoliki. Februari 1944 alikamatwa na Gestapo. Alifariki tarehe 5 Machi mwaka huo katika kambi ya Drancy, karibu na Paris, na baada ya vita mwili wake ulirudishwa kuzikwa kijijini. Anayeingia abasia kustaajabia nguzo zake bila ya kufika kaburini ameona uzuri wa mahali hapo, lakini hajaijua historia yake.

Hoja nzima ya makala haya hukamilika Nantes. Katika karne ya 18 mji huu ndio uliokuwa bandari kuu ya Ufaransa katika biashara ya watumwa. Meli zake ziliwavusha takriban watu nusu milioni kutoka Afrika kwenda utumwani. Nyumba za fahari za matajiri wa wakati huo bado zimesimama, na katika kuta za baadhi yake kumechongwa nyuso za Waafrika kuwa mapambo. Tarehe 25 Machi 2012 ulifunguliwa ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa kwenye ukingo wa mto mjini humo. Vibao 2,000 vya kioo vimepachikwa ardhini, na vingi vyake vina majina ya meli na mwaka wa safari. Mpita njia hukanyaga katikati ya majina hayo, atake asitake.

Yupo atakayesema kwamba Nantes ni habari nyingine, haihusiani na kasri za juu. Mto wenyewe unamkanusha. Sukari ghafi iliyozalishwa na watumwa katika visiwa vya Karibi ilipandishwa kwa mashua kutoka Nantes hadi Orléans, mji uliokuwa na viwanda vingi vya kuisafisha katika karne hiyo ya 18. Maji yanayoakisi kuta nyeupe yalibeba pia sukari hiyo. Kwa mintarafu hii, Nantes si kiambatisho cha safari ya Loire. Ni ufunguo wa kuielewa.

Wala msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba anatazama msiba wa wengine. Ni kweli kwamba meli za Nantes zilielekea zaidi Afrika Magharibi. Hata hivyo, mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Soko lao lilikuwa katika visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa, ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Ndiyo maana sheria ya Ufaransa ya tarehe 21 Mei 2001, iliyotambua utumwa na biashara ya watumwa kuwa jinai dhidi ya binadamu, haikutaja Atlantiki peke yake. Ilitaja Bahari ya Hindi pia.

Wapo wanaopinga mtazamo huu kwa hoja mbili. Kwanza, wanasema kwamba mtu aliye likizoni anatafuta starehe, si mzigo wa historia. Hoja hii ina mashiko kiasi, lakini inasahau kwamba kasri nazo ni historia. Swali ni historia ya nani inayoruhusiwa kuwa starehe. Pili, wanasema kwamba si kila mtu ana muda wala nguvu za kilomita 900. Hilo halina ubishi. Lakini treni za eneo hilo hubeba baiskeli, na mwenye siku tatu anaweza kugawa siku zake. Hakuna sababu ya zote tatu kuishia kwenye malango ya wafalme, ilhali Nantes ni mji mkubwa wenye kituo cha treni.

Isitoshe, usomaji kamili huwafaidi pia wenyeji. Nchini Ufaransa kuna alama ya ubora iitwayo Accueil Vélo, ambayo hupewa nyumba za wageni na watoa huduma wengine walio karibu na njia za baiskeli. Wenye nyumba hizo hutakiwa kumpa msafiri mahali salama pa kuhifadhi baiskeli na vifaa vya kuitengeneza. Kwa mpango huo, kijiji kisicho na kasri nacho hupata mgeni na riziki. Anayekimbilia lango la kasri hukiacha kijiji hicho kama alivyoliacha pango na kaburi.

Ni wajibu, basi, wa wanaochora njia hizi, wanaoandika vitabu vya kuwaongoza wageni na wanaofundisha fasihi ya safari kukataa usomaji nusu. Kasri isimuliwe pamoja na shimo lilikotoka jiwe lake, na sukari isimuliwe pamoja na aliyeikata miwa. Baiskeli haimlazimishi mtu kuyaona hayo, lakini inampa mwendo unaomwezesha. Akisharuhusiwa na mwendo huo, hana udhuru wa kugeuza baiskeli kabla ya kufika Nantes.