Mzee Mmoja Aliyejibu kwa Niaba ya Wazee Wote

Siku ya kuwasilisha utafiti wangu wa mwaka wa tatu nilikuwa na uhakika na kitu kimoja tu: jedwali la ukurasa wa 31. Lilikuwa zuri jamani. Lina thamani ya p ya 0.000, lina nyota mbili pembeni, na limetoka kwenye kompyuta. Nani atabishana na kompyuta?

Dokta mmoja kwenye jopo akalitazama kidogo, akauliza, "Hawa 240 ni akina nani?"

Nikajibu ni data.

"Nimeuliza ni akina nani. Ulihoji watu 240?"

Hapo nilinyamaza. Nilikuwa nimehoji watu 12.

Mimi ni mtu wa HKL. Tuseme ukweli, wengi wetu tulioko idara za lugha tuliichagua HKL kidato cha tano ili tuagane na hisabati kwa amani. Halafu mwaka wa tatu unafika, unaambiwa kusanya data, changanua, na pale kwenye kuchanganua unaikuta hisabati imekaa mlangoni inakungoja kama mtu anayekudai.

Swali langu lilikuwa la lugha tupu. Vitabu vya sarufi vinatufundisha kueleza mazoea kwa hu-: "mimi huamka saa kumi na moja." Mtaani kwetu nasikia zaidi "huwa naamka." Nilihisi wazee bado wameishika ile ya kwanza na vijana wanaiacha. Nikarekodi wazee 6 na vijana 6 wakinisimulia siku zao zinavyokwenda, nikanakili kila neno, nikapata sehemu 240 ambapo msemaji alitumia moja kati ya hizo mbili. Kunakili kulinichukua mwezi mzima. Kazi hiyo niliifanya mwenyewe na naipenda mpaka leo.

Baada ya hapo nikafanya kile ambacho karibu kila mtu hapa chuoni anafanya. Nikaweka kila kitu kwenye flashi, nikaenda stesheneri nje ya geti, kuna kaka pale anachakata data za watu kwa SPSS. Bumu lilikuwa limeingia, nikalipa. Kesho yake nikapewa kurasa sita za majedwali. Yule kaka hana kosa, na sitaki mtu aisome makala hii kama namshambulia. Alifanya alichoagizwa. Hakuniuliza kati ya hizo 240 kila mzungumzaji ametoa ngapi, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kwamba hilo ni swali.

Jaribio alilotumia, lile la kai-mraba, lina sharti lake: kila kimoja unachokihesabu kisimame chenyewe, kisitegemee kingine. Sasa maneno 20 kutoka kinywa kimoja yanasimamaje yenyewe? Mtu aliyezoea "huenda" atasema "huenda" tena, na tena. Ni sawa na mtu mmoja kupiga kura 20 halafu wewe utangaze umepata wapiga kura 20. Niliporudi chumbani usiku ule nikahesabu upya, safari hii kwa kila mtu. Mzee mmoja, jirani yetu, msimuliaji hodari, alikuwa ametoa 71 kati ya zile 240, na karibu zote ni hu-. Nilipomweka pembeni, ile tofauti yangu kubwa ikanywea. Yaani "lugha ya wazee" niliyojisifu kuigundua ilikuwa lugha ya mzee mmoja anayependa kuongea!

Ndiyo maana nasema tunakosea tunapoichukulia takwimu kama kazi ya mwishoni, ya kumpa fundi. Swali lililoniangusha halikuwa la hisabati. Nani amesema, mara ngapi, na je, tumhesabu mtu au tuhesabu neno? Hilo ni swali la mwanaisimu, na fundi wa stesheneri hawezi kukujibia.

Mwangalie William Labov, ambaye tunamkariri kwenye isimujamii kila mwaka. Mwaka 1962 aliingia kwenye maduka matatu makubwa ya New York, la ghali (Saks), la kati (Macy's) na la bei nafuu (S. Klein), akawauliza wafanyakazi kitu fulani kiko wapi, kitu anachojua kabisa kiko ghorofa ya nne. Kwa Kiingereza jibu hilo, "fourth floor", lina sehemu mbili ambapo r inaweza kusikika au kumezwa. Akajifanya hajasikia, mtu akarudia. Kwa hiyo kila mtu alimpa nafasi hadi nne za r. Angeweza kuzijumlisha zote akajaza jedwali nono kama langu. Katika hesabu yake kuu aliwapanga watu: huyu ametamka r zote, huyu baadhi, huyu hata moja. Watu 264, kila mmoja mara moja. Waliotamka r zote au baadhi walikuwa asilimia 62 Saks, 51 Macy's na 20 S. Klein. Desa zetu zinatupa matokeo hayo, lakini sikumbuki kama kuna siku tuliulizwa darasani kwa nini alihesabu watu.

Basi nikafanya jambo ambalo mwenzangu wa chumbani aliliona ni la kichaa. Nikachukua vikaratasi 12, kila kimoja nikaandika asilimia ya hu- ya mtu mmoja. Mzee wetu msimuliaji naye akapata karatasi moja kama wengine. Tukakaa kwenye kimbweta, tukazichanganya, tukagawa sita huku sita kule bila kujali nani mzee nani kijana, tukatafuta tofauti ya wastani. Tukarudia mara 100. Mara 23 bahati tupu ilitupa tofauti kubwa kama yangu au kuizidi. Siku hiyo ndipo nilipoelewa p ni nini: kama umri hauhusiki kabisa, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta kitu kama hiki? Mihula mitano nilikuwa naliona kama herufi ya kichawi.

Njia zote za kugawa vile vikaratasi sita kwa sita ni 924. Programu ya R inazimaliza kufumba na kufumbua, na R ni ya bure; waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Kompyuta yangu ya mtumba inaiendesha bila shida.

Wapo watakaosema si kila utafiti wa lugha unahitaji namba. Kweli kabisa. Mahojiano marefu na watu watatu yanaweza kutufunza mengi kuliko dodoso 300. Ila tuulizane kimyakimya: ni wangapi tumechagua mkabala wa kimaelezo kwa sababu swali letu linautaka, na wangapi tumeukimbilia kwa uoga? Tena hata huko tunaandika "asilimia 70 ya watafitiwa walikubali" wakati watafitiwa ni 10. Andika watu saba!

Idara nayo ina la kufanya. Kwenye kozi yetu ya mbinu za utafiti takwimu ilipewa wiki mbili, na mifano ilikuwa mbolea na magunia ya mahindi. Tupeni rekodi za watu wanaoongea. Na wale wenzetu wa shahada ya takwimu, jengo la pili tu kutoka kwetu, wanahangaika kutafuta data za mazoezi. Tukikutanishwa nao saa mbili kwa wiki kabla hatujaingia uwandani, siyo baada, stesheneri itabaki na kazi ya kuprinti.

Mimi nilipewa wiki mbili za masahihisho. Jedwali la ukurasa wa 31 nikalitoa, nikaweka lingine dogo la watu 12, na kwenye hitimisho nikaandika kwamba data hii haitoshi kuonyesha tofauti kati ya wazee na vijana. Nikapata B. Vikaratasi bado ninavyo kwenye bahasha, na Jumamosi saa nne asubuhi tunakuwa kwenye vimbweta vya nyuma ya maktaba, watu wanne watano hivi. Njoo na data yako kabla hujaipeleka nje ya geti.