Ukiona Vyaelea, Vimeundwa

Mtu akikuomba umwamini, una haki ya kumwuliza kwanza atajibu nini siku amana yako itakapopotea. Haki hiyo haipungui kwa sababu mwenye kuaminiwa ni mtambo. Siku hizi ziko motokaa ziendazo bila mkono wa dereva, na ndege ndogo zirukazo bila rubani. Wauzaji wake hutuhimiza tuziamini. Mimi nasema kwamba imani haitozwi kama kodi, hustahiliwa.

Tazama yaliyotokea Marekani. Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, Arizona, motokaa ya kampuni ya Uber iliyokuwa katika majaribio ilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba mtambo uliona kitu mbele yake sekunde 5.6 kabla ya kugonga. Lakini ulibadili rai yake tena na tena: mara ni gari, mara ni kitu kingine, mara ni baiskeli. Wala haukuundwa kufikiri kwamba mtu wa miguu huweza kuvuka mahali pasipo kivuko. Tena, breki za dharura ambazo motokaa ilitoka nazo kiwandani zilikuwa zimezimwa kila mtambo uliposhika usukani.

Ni nani aliyejibu mashtaka? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka alisema kwamba hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Msimamizi aliyeketi garini, ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu, alishtakiwa; na mwaka 2023 alikiri kosa, akawekwa chini ya uangalizi kwa miaka 3. Sisemi kwamba hakukosa. Lakini je, breki zilijizima zenyewe? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kina mwundaji, hata kikizama.

Wako wasemao kwamba madereva huua watu wengi kwa ulevi na usingizi, na kwa hiyo kuichelewesha mitambo ni kuchelewesha wokovu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini tutajuaje kwamba mtambo ni bora kuliko dereva, ikiwa apimaye ubora wake ni mwuzaji peke yake? Ndege hazikupata usalama kwa abiria kuhimizwa kuziamini. Mwaka 1954 David Warren wa Melbourne, Australia, alipendekeza chombo cha kunasa habari za safari na sauti za marubani, ili ajali iweze kueleza sababu yake. Leo ndege kubwa za abiria hubeba vyombo vya namna hiyo, na kila ajali huwa somo.

Vyuo vikuu vimekwisha kuonyesha njia. Mwaka 2017 Alan Winfield wa Bristol na Marina Jirotka wa Oxford walitaka roboti nazo zibebe kinasa cha namna hiyo, kihifadhicho zilichokiona na zilichokiamua. Mwaka 2020 Uingereza ilianzisha mpango wa utafiti wa pauni milioni 33 juu ya mitambo ijiendeshayo iliyo ya kuaminika. Kituo chake kiliongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton pamoja na Nottingham na King's College London. Maarifa, basi, yapo. Lakini utafiti ubakiao katika maktaba hausimamishi motokaa barabarani. Sheria ndiyo iisimamishayo.

Wewe usomaye, kesho utakuwa mhandisi, au hakimu, au mpita njia avukaye barabara. Ukiletewa mtambo wa namna hii, uliza: Uliona nini? Uliamua nini, na kwa sababu gani? Ukikosea, nani atasimama mbele ya hakimu? Mwuzaji asiyeweza kujibu maswali haya matatu asipewe barabara zetu, hata bei yake ikiwa nafuu namna gani.